Historia ya gari la sola, na hesabu ya kufanya kabla ya kutoa fedha za kikundi

 

Makala ya leo haihusu mbolea wala viwavijeshi. Inahusu gari. Naomba usiache kusoma, kwa sababu mwishoni kuna hesabu ndogo inayoweza kuokoa fedha zako.

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na mweka hazina wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa katika kata ninayofanyia kazi. Kuna muuzaji alifika kijijini kwao na picha kwenye simu. Picha ni ya guta la magurudumu matatu, na paa lake ni paneli ya sola. Akawaambia, "Hili halinywi mafuta wala halichomekwi kwenye umeme. Unaliegesha juani, linajaa lenyewe, unabeba abiria na magunia kutwa nzima." Anataka nusu ya bei kwanza, nusu nyingine mzigo ukifika. Hiyo nusu ya kwanza ni karibu akiba yote ya kikundi ya miaka mitatu. Mama yule akaniuliza, "Afisa, haya mambo ni ya kweli au tunaibiwa?"

Sikumjibu palepale. Gari linalotembea kwa jua ni jambo la kweli, lipo, na lina historia ya takribani miaka 70. Lakini historia hiyo inaonyesha pia kwamba maneno "kutwa nzima" yanahitaji kupimwa. Nilimwomba siku chache nikae chini niandike, ili wasome wao na wasome na wengine wanaofuatwa na wauzaji wa aina hiyo.

Mwanzo ulikuwa kigari cha kuchezea

Mwaka 1954, katika maabara za Bell nchini Marekani, watafiti watatu, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walitangaza seli ya sola ya silikoni iliyoweza kufanya kazi ya maana. Ilikuwa inakamata kama asilimia 6 tu ya nguvu ya jua. Yaani jua likimwaga debe 100, seli inakinga debe 6, nyingine zote zinapotea. Paneli nyingi nzuri za leo zinakinga kama debe 20 hivi.

Mwaka uliofuata, 1955, kwenye maonyesho ya kampuni ya General Motors mjini Chicago, mfanyakazi wake William Cobb alionyesha gari linalotembea kwa mwanga. Lilikuwa na urefu wa sentimita 38 na seli 12 za seleniamu. Lilitembea, ndiyo, lakini lisingeweza kubeba hata kuku.

Baada ya hapo wapo waliofikiri kwamba tatizo ni uchache wa seli. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya International Rectifier ilichukua gari la zamani la umeme aina ya Baker, la mwaka 1912, ikalifunga seli zipatazo 10,640 juu ya paa. Hapo mtu mzima aliweza kukaa na kuendesha. Lakini gari lenyewe lilikuwa zito, refu kwenda juu, na limetengenezwa bila kufikiria jua. Seli zile zote zilitumika kusukuma chuma. Njia hiyo haikufika mbali.

Weka hilo akilini, maana ndilo kosa ambalo wengi wetu tunalifanya hadi leo. Tukiona nguvu haitoshi, wazo la kwanza ni kuongeza nguvu. Hatuangalii inapotea wapi.

Kuvuka Australia kwa mwendo wa baiskeli

Desemba 1982, Hans Tholstrup, msafiri mzaliwa wa Denmark aliyehamia Australia, na Larry Perkins, dereva wa mashindano ya magari, waliondoka Perth, magharibi ya Australia, kwa gari walilolipa jina la Quiet Achiever. Lilikuwa na kiti kimoja, magurudumu membamba kama ya baiskeli, na meza ya paneli juu ya kichwa cha dereva. Walifika Sydney, upande wa mashariki, Januari 1983. Ni safari ya kilomita zipatazo 4,000, na ilichukua chini ya siku 20. Mwendo wa wastani ulikuwa kama kilomita 23 kwa saa, yaani mwendo wa kijana mwenye nguvu akiwa kwenye baiskeli.

Paneli zao zilikuwa za kawaida kwa wakati ule. Kilichowavusha ni wepesi wa gari. Tholstrup akaona kwamba wengine wakishindana wataliboresha zaidi, akaanzisha mashindano ya magari ya sola kutoka Darwin, kaskazini, hadi Adelaide, kusini. Ni kilomita 3,000 hivi, zaidi ya kwenda Mwanza kutoka Dar es Salaam na kurudi. Ya kwanza yalifanyika mwaka 1987.

Mtu aliyedhamini mkopo wa ndugu

Kabla ya kusema nani alishinda, nikusimulie habari za Paul MacCready, maana kikundi chochote cha mikopo kitamwelewa.

MacCready alikuwa mhandisi wa Marekani. Katika miaka ya 1970 alidhamini mkopo wa ndugu yake aliyekuwa na biashara. Biashara ikafa, deni likamwangukia yeye, karibu dola 100,000. Akiwa na mzigo huo akakumbuka kwamba Uingereza kulikuwa na zawadi ya pauni 50,000 kwa mtu wa kwanza kutengeneza ndege inayorushwa kwa nguvu za miguu ya rubani tu, izunguke nguzo mbili kwa njia ya namba nane. Kwa viwango vya wakati ule fedha hiyo ilikaribia deni lake.

Zawadi hiyo ilikuwa imekaa miaka mingi bila mtu kuichukua. Waliojaribu walitengeneza ndege nzuri, imara, kisha wakatafuta namna ya kupata nguvu ya kuirusha. MacCready aligeuza swali. Alijua mtu mwenye mazoezi anaweza kutoa kiasi gani cha nguvu kwa dakika kadhaa, na ni kidogo sana. Basi akajiuliza ni ndege ya namna gani itakayoridhika na kidogo hicho. Akatengeneza bawa kubwa la upana wa mita 29 kwa mabomba mepesi, nyaya na karatasi ya plastiki. Ndege nzima ilikuwa na kilo 32 hivi, pungufu ya mfuko mmoja wa mbolea. Agosti 1977 ilizunguka nguzo zile, na zawadi akaipata.

General Motors walipotaka kuingia kwenye mashindano ya Australia ya 1987, walishirikiana na kampuni ya MacCready, AeroVironment. Wakatengeneza gari lililoitwa Sunraycer. Lina umbo kama la tone la maji lililolala, ili upepo upite bila kulishika. Uzito wake ni chini ya kilo 300. Paneli zake jua la utosi zilitoa nguvu inayokaribia ya pasi moja na nusu ya umeme. Kwa nguvu hiyo lilikwenda kilomita 3,000 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 67 kwa saa, likashinda na kuwaacha wengine mbali sana.

Linganisha na Quiet Achiever. Ndani ya miaka mitano mwendo uliongezeka karibu mara tatu. Seli ziliboreka, sikatai. Lakini fundi yeyote aliyelikagua Sunraycer aliona kwamba kazi kubwa ilifanyika kwenye kupunguza: uzito, upepo, msuguano wa matairi, na upotevu ndani ya mota.

Paneli zikapunguzwa, magari hayakusimama

Mashindano yaliendelea. Mwaka 2005 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, walishinda na gari lao Nuna 3 kwa wastani wa zaidi ya kilomita 102 kwa saa. Waandaaji wakaona mwendo umekuwa mkubwa mno kwa barabara ya watu wote. Wakapunguza eneo la paneli linaloruhusiwa, kutoka mita za mraba 8 hadi 6, na mwaka 2017 hadi 4 kwa paneli za silikoni. Nne ni nusu tu ya zile za mwanzo. Mwaka huo mshindi bado alipita wastani wa kilomita 80 kwa saa.

Lakini hayo ni magari ya kubeba dereva mmoja aliyebanwa kama dagaa. Mwaka 2013 likaanzishwa kundi la magari ya sola ya familia, na wanafunzi wa Eindhoven, pia Uholanzi, wakashinda kwa gari la watu wanne, Stella. Baadhi ya vijana wa timu hizo wakaanzisha kampuni, Lightyear, mwaka 2016, ili walitengeneze gari la namna hiyo na kuliuza.

Gari lao, Lightyear 0, lilikuwa na mita za mraba 5 za paneli, mota ndani ya magurudumu yenyewe, na umbo la kupasua upepo. Kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa lilitumia uniti 10.5 kwa kilomita 100. Uniti hizi ni zilezile unazonunua kwenye LUKU. Magari mengi ya umeme ya kawaida yanatumia zaidi ya hapo. Kampuni ilisema kwamba siku yenye jua zuri paneli zake zingeongeza hadi kilomita 70.

Sasa sikiliza mwisho wake. Bei ilikuwa euro 250,000. Utengenezaji ulianza Finland mwishoni mwa mwaka 2022. Januari 2023 ukasimamishwa, na kampuni tanzu iliyokuwa ikilitengeneza ikafilisika. Mwezi uliofuata kampuni ya Ujerumani, Sono Motors, iliyokuwa imechukua malipo ya awali ya maelfu ya wateja kwa ajili ya gari lake la sola, nayo ilitangaza kusitisha mradi. Kampuni zote mbili ziligeukia teknolojia ya paneli za kufungwa kwenye magari yanayotengenezwa na wengine.

Mimi hapo nasoma mambo mawili. La kwanza, gari zuri kwenye majaribio na biashara nzuri ni vitu tofauti. La pili, malipo ya awali kwa chombo ambacho hakijaonekana ni hatari hata Ulaya, kwa watu wenye wanasheria.

Jirani zetu Waganda nao wamo. Februari 2016 mjini Kampala lilizinduliwa Kayoola, basi la umeme la abiria 35 lenye paneli juu ya paa, kazi iliyotokana na Chuo Kikuu cha Makerere. Lilikuwa na uwezo wa kilomita kama 80, na paneli zilisaidia kuongeza. Basi lililofuata, Kayoola EVS, linachajiwa kwenye umeme. Hawakushindwa. Walijua basi limejaa watu linahitaji kiasi gani, na paa linatoa kiasi gani.

Kosa langu mwenyewe

Naandika haya nikiwa na kovu. Mwaka wangu wa pili kazini nilisaidia kikundi cha wakulima wa kabichi kununua pampu ya sola. Niliangalia wati za paneli na bei. Sikupima kina cha kisima, sikupima urefu wa bomba, sikuhesabu kabichi zinakunywa lita ngapi. Pampu ikafanya kazi vizuri, ila maji hayakufika mwisho wa shamba. Wakaanza kukodi pampu ya petroli huku wanalipa deni la ile ya sola. Wanachama wawili wakajitoa, na mmoja hadi leo tukikutana njiani salamu ni fupi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa waongeze paneli. Ni mzee mmoja wa kikundi aliyeniambia, "Mwanangu, hebu tufuate maji kwanza." Tukayafuata kutoka kisimani. Sehemu kubwa ilikuwa inazama kwenye mfereji wa udongo kabla ya kufika shambani. Tukaweka bomba mahali pa mfereji, tukatandaza nyasi kwenye matuta, na pampu ileile ikatosha. Wakati ule sikuwa nimesikia habari za MacCready. Mzee yule alikuwa anazijua bila kuambiwa.

Hesabu ya guta

Turudi kwa mama mweka hazina. Nilimwomba amuulize muuzaji mambo matatu: wati za paneli, ukubwa wa betri, na kilomita zinazofikiwa betri ikiwa imejaa. Majibu yalikuwa wati 300, betri za asidi za volti 48 na ampea-saa 100, kilomita 80. Chukua kalamu.

1. Betri: 48 mara 100 ni 4,800. Gawa kwa 1,000. Betri ikijaa ina uniti 4.8.

2. Matumizi: kilomita 80 gawa kwa 4.8. Uniti moja inakwenda kama kilomita 16 na nusu. Hiyo ni barabara tambarare na kwa maneno ya muuzaji. Kwa mzigo, mchanga na milima yetu mimi naongeza nusu ya matumizi.

3. Paneli: tuhesabu saa 5 za jua kali kwa siku. Wati 300 mara 5 ni 1,500, yaani uniti 1.5. Toa vumbi, joto, upotevu wa nyaya, na kwamba paneli imelala badala ya kuelekea jua. Hesabu uniti 1.2 kwa siku.

Kutoka kijijini kwao hadi gulioni ni kilomita 11. Kwenda na kurudi ni 22. Kwenye tambarare zinahitaji uniti 1.3 hivi, na kwa barabara yao tuseme uniti 2.

Muuzaji alisema kutwa nzima. Tuchukue safari nne tu za kwenda na kurudi. Zinahitaji uniti 8. Betri nzima ina 4.8 na jua linaongeza 1.2. Haiwezekani. Hata ukichaji kila usiku kwa LUKU, betri hiyo haimalizi safari nne. Mkiilazimisha itakufa mapema, maana betri za asidi hazitakiwi kutumika zaidi ya nusu mara kwa mara.

Lakini ngoja. Gulio lao ni mara moja kwa wiki. Kama guta litakwenda gulioni siku hiyo tu, litatumia uniti 2, ambazo ni chini ya nusu ya betri, na jua la siku mbili litazirudisha. Kwa kazi hiyo chombo kilekile kinafaa, bila mafuta na bila LUKU.

Kwa hiyo swali la mama, "ni kweli au tunaibiwa", halina jibu moja. Kwa gulio la wiki, chombo kinaweza kazi hiyo. Kwa biashara ya abiria ya kila siku aliyowaahidi, hapana. Na sasa kikundi kinatakiwa kujiuliza kama safari moja kwa wiki inarudisha akiba ya miaka mitatu.

Kabla ya kununua, punguza

Wakiamua kununua, wafanye kama wale wa Sunraycer. Matairi yajazwe upepo sawasawa kila wiki. Breki zikaguliwe zisishike wakati wa kutembea. Paneli ifutwe vumbi. Guta lisiegeshwe chini ya mwembe halafu mkalalamika sola ni mbovu.

Na mahindi yakaushwe kabla ya kusafirishwa. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 25, likikaushwa hadi asilimia 13, linabaki kama kilo 86. Zile kilo 14 ni maji. Ukipakia magunia kumi mabichi, unasafirisha kilo 140 za maji hadi gulioni. Iwe ni guta, punda au lori la kukodi, unayalipia.

Mambo manne ya kumwambia muuzaji

- Lilete tulione, tulipakie magunia yetu, liende gulioni na kurudi mbele yetu.
- Paneli ni wati ngapi, betri ni volti ngapi na ampea-saa ngapi? Viandikwe kwenye mkataba.
- Betri ni ya aina gani, dhamana yake ni ya muda gani, na mpya inauzwa bei gani? Betri ndiyo itakayowarudisha mfukoni.
- Fundi yuko wapi, na vipuri vinapatikana wapi?

Muuzaji mkweli hatakasirika kwa maswali haya. Alipoulizwa la kwanza, muuzaji wa kikundi hiki alisema majaribio yanawezekana baada ya malipo ya awali. Mengine pimeni wenyewe.

Kikao chao ni Jumamosi. Nimealikwa, nitakwenda na daftari na kikokotoo, lakini sina kura. Fedha ni zao, walizitoa kwenye ufuta na mayai, shilingi elfu mbili mbili kwa wiki. Hesabu nimeshampa mweka hazina, na ameahidi kuisoma yote mbele ya wanachama kabla mtu hajanyoosha mkono.

Nawe kama kuna chombo cha sola unachotaka kununua, iwe pampu, friji ya duka au kikaushio, anza kwa kuandika kinahitaji uniti ngapi kwa siku. Namba za paneli zifuate baadaye. Ukikwama, fika ofisini kwangu siku za Jumatano au muulize afisa ugani wa kata yako.

Tukutane makala ijayo, ambapo tutaangalia namna ya kupima unyevu wa mahindi kwa chumvi na chupa kavu. Kazi njema.